Wapiga debe wa kisima cha Titusville

Bibi yangu alikuwa na debe moja la bati, kuukuu, kona mbili zimelehemiwa na fundi wa masufuria mpaka zimevimba, na hilo ndilo lilipimia mahindi ya nyumba nzima. Mnunuzi akija anataka debe lijazwe mpaka lifanye kichwa, yaani kale kamlima ka juu, bibi anachukua kipande cha ubao anakipitisha kwenye mdomo wa debe, kichwa kinaporomokea kwenye turubai, anamwambia haya baba, debe lako hilo. Ugomvi wa kichwa cha debe nimeusikia tangu sijaanza shule. Ila sijawahi kusikia mtu anauliza pale, kwa nini debe lina ukubwa ule na si mwingine? Nani aliamua?

Waliamua wauza mafuta ya taa. Mafuta ya taa ya Marekani yalikuwa yanazunguka dunia kwenye makopo ya bati ya galoni 5 za kwao, karibu lita 19, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao, yanapakiwa melini yanashushwa Bombay, Shanghai, Unguja, na mafuta yakiisha kopo linabaki. Na sisi hatutupi kitu bana. Likawa la kuchotea maji, likawa kipimo cha nafaka, likikunjuliwa na kunyooshwa likawa ukuta na paa la nyumba za mjini, neno lenyewe tukalichukua kwa Wahindi wenye maduka, na mwenye tangazo akalipiga kwa fimbo ili watu wamsikilize. Ndiyo tukapata mpiga debe. Leo mpiga debe yuko stendi anakuvuta mkono upande basi lake, yuko kwenye kampeni, na yuko kwenye matangazo ya simu.

Kwa hiyo nikisema stori ya "kisima cha kwanza cha mafuta duniani" ni stori ya wapiga debe, kuna maana mbili hapo na zote mbili nazitaka.

Stori yenyewe kama inavyosimuliwa ni hii. Jumamosi tarehe 27 Agosti 1859, nje kidogo ya Titusville, mji mdogo wa wapasua mbao huko kaskazini-magharibi mwa Pennsylvania, pembeni ya kijito kinachoitwa Oil Creek, yaani Kijito cha Mafuta, Kanali Edwin Drake alichimba futi 69 na nusu kwenda chini, mita 21 hivi, akapata mafuta, na biashara ya mafuta duniani ikazaliwa. Tarehe ipo, jina lipo na cheo kipo, stori tamu kabisa. Sasa tuimenye taratibu.

Kwanza hakuwa kanali. Drake alikuwa kondakta wa treni aliyeacha kazi kwa sababu ya ugonjwa, anaishi hotelini New Haven, Connecticut, na kwenye hoteli hiyohiyo alikuwa anakaa mtu wa benki anaitwa James Townsend ambaye alikuwa na hisa kwenye kampuni ya kutafuta mafuta. Townsend alihitaji mtu wa kwenda Pennsylvania. Drake hakujua chochote kuhusu kuchimba, ila alikuwa bado na pasi ya kusafiri bure kwenye reli, na kwa kampuni isiyo na hela hiyo ni sifa kubwa sana. Basi kabla Drake hajafika Titusville, Townsend akawa anatanguliza barua, juu ya bahasha ameandika "Kanali E. L. Drake", ili wanakijiji wajue anayekuja ni mtu mzito. Cheo kimetoka posta! Sisi wenye madokta wa heshima kila kona tusicheke sana.

Wazo nalo halikuwa lake. Mafuta pale yalikuwa yanajitokeza yenyewe juu ya maji tangu enzi na enzi, jina la kijito linasema lote, na Waseneca wenye nchi yao walikuwa wanayakusanya kwa dawa na kwa matumizi mengine karne nyingi kabla Mzungu hajafika, na kandokando ya kijito yamekutwa mashimo ya zamani yaliyozungushiwa magogo. Huko Pittsburgh jamaa mmoja, Samuel Kier, alikuwa na visima vya chumvi, mafuta yakawa yanamharibia chumvi, akaamua kuyatia kwenye chupa na kuyauza kama dawa ya kila kitu, ya kunywa na ya kupaka. Wakili mmoja wa New York, George Bissell, ndiye aliyeshika ncha mbili akazifunga: mafuta haya yakisafishwa yanaweza kuwasha taa, na kama wachimba chumvi wanachimba kwa mtambo basi na mafuta yachimbwe hivyohivyo. Akamlipa profesa wa chuo kikuu cha Yale, Benjamin Silliman mdogo, apime, ripoti ikatoka 1855 inasema ndiyo, humu mna mafuta mazuri ya taa. Kwa lugha ya leo hiyo ripoti ndiyo iliyouza hisa.

Drake alichofanya yeye ni kukaa. Watu wanalidharau hili na mimi nalipa uzito. Alikaa pale tangu 1858 wenyeji wanamcheka, mradi wanauita wazimu wa Drake, fundi wa kwanza hakutokea, wa pili pia, mpaka 1859 alipompata mhunzi mzee anaitwa William Smith, Uncle Billy, aliyekuwa anatengeneza vyuma vya wachimba chumvi. Wakaanza. Shimo likawa linaporomoka, maji yanajaa, ukichimba leo kesho unakuta tope. Hapo ndipo Drake alipopata akili moja ambayo ni yake kweli: wachukue bomba la chuma waligonge lishuke mpaka lifike mwambani, futi kama 32, halafu patasi ya kuchimbia ipite ndani ya bomba. Udongo haudondoki tena, maji hayaingii. Hii kitu inatumika mpaka kesho, kila kisima cha mafuta unachokijua kimeanza na bomba la namna hiyo. Drake hakuchukua hataza. Hakuchukua chochote.

Baada ya hapo wakawa wanakwenda futi kama 3 kwa siku, na hela inaisha. Wenye kampuni New Haven wameshachoka, Townsend akawa anatoa mfukoni mwake, mwisho naye akaandika barua kwamba lipa madeni ufunge virago urudi nyumbani. Barua za wakati ule zilikuwa na mwendo wake. Jumamosi jioni patasi ikateleza ikadumbukia kwenye ufa wa mwamba, wakafunga kazi. Jumapili Uncle Billy hakutulia nyumbani, akaenda kuchungulia kwenye bomba akaona kitu cheusi kinaelea, akachukua kipande cha mfereji wa bati akakiziba chini, akakishusha kwa kamba, kikapanda na mafuta. Kwa hiyo ukitaka kuwa mkali wa tarehe, mafuta yalionekana tarehe 28 na aliyeyaona ni mhunzi, siku ambayo hakutakiwa kazini. Na barua ya kufunga mradi, ndivyo inavyosimuliwa, ikafika baada ya hapo.

Kilichofuata ni vurugu. Mfanyabiashara wa mbao Jonathan Watson alipanda farasi mara moja kwenda kukodi mashamba ya watu kandokando ya kijito kabla habari haijasambaa, Bissell naye akakimbilia huko kununua na kukodi. Mwanzoni mwa 1860 pipa lilikuwa kama dola 20, mwisho wa 1861 limeshuka mpaka senti 10 kwa sababu kila mtu amechimba, pipa tupu la mbao likawa na bei kuliko mafuta yaliyomo. Na hapa naomba nisimame kidogo maana hiki ndicho kipande nilichokipenda kuliko vyote. Walikuwa wanatumia mapipa yoyote, ya wiski, ya samaki, ya chumvi, kila pipa na ukubwa wake, wauzaji na wanunuzi wanagombana kila siku. Mwaka 1866 wazalishaji wakakaa wakakubaliana: pipa litahesabiwa galoni 40, halafu kila pipa linaongezewa galoni 2 kwa faida ya mnunuzi. Jumla 42, lita 159. Ndiyo pipa hilohilo unalolisikia kwenye taarifa ya habari kila jioni, bei ya mafuta imepanda dola kadhaa kwa pipa, wakati hakuna mtu anayesafirisha mafuta ghafi kwenye mapipa leo. Zile galoni 2 ni kichwa cha debe. Pennsylvania walishindwa ule ugomvi ambao bibi yangu alikuwa anaushinda kwa kipande cha ubao.

Na Drake? Watson akawa milionea, akaja kufilisika pia ila angalau alizionja. Bissell akawa tajiri. Drake akawa hakimu mdogo wa mji na dalali wa kununua mafuta, 1863 akaondoka na akiba yake akaenda kuipoteza kwenye hisa za mafuta New York, afya ikaharibika, akawa maskini hasa. Watu wa Titusville wakamchangia. Mwaka 1873 bunge la jimbo likampa pensheni ya dola 1,500 kwa mwaka, akaishi nayo mpaka alipofariki 1880 huko Bethlehem, Pennsylvania, mbali na kisima.

Sasa swali la wa kwanza. Maana neno "wa kwanza" ndilo linaloandikwa kwenye vibao.

China, mkoa wa Sichuan, mji wa Zigong, walikuwa wanachimba visima vya maji ya chumvi kwa mitambo ya mianzi, na mwaka 1835 kisima chao cha Shenhai kilifika mita 1,001. Rudia kusoma. Mita 1,001, miaka 24 kabla ya mita 21 za Drake, na kilikuwa kinatoa gesi ambayo waliitumia kuchemshia chumvi. Burma, Myanmar ya leo, pale Yenangyaung, watu walichimba mafuta kwa mikono kwa vizazi, haki ya kumiliki visima inarithiwa ndani ya familia 24, na mjumbe wa Waingereza alipopita huko 1795 alikuta biashara imeshakomaa. Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, pale Bibi-Heybat, wanakumbuka kisima kilichochimbwa kwa mtambo miaka ya 1840, nacho kina mita kama 21, yaani futi zile zile karibu, na wana mnara wao. Poland wana Ignacy Łukasiewicz, mfamasia aliyetengeneza taa ya mafuta ikawashwa hospitalini Lwów tarehe 31 Julai 1853 ili madaktari wampasue mgonjwa usiku, mwaka uliofuata akaanzisha machimbo ya Bóbrka, na mwenyewe akaweka mnara wa mawe pale 1872, hakusubiri mtu amkumbuke, jamaa alijua mambo. Kanada wana James Miller Williams aliyepata mafuta Ontario 1858, mwaka mmoja kabla, mahali paliitwa Oil Springs, na mpaka leo kuna visima pale vinatoa mafuta.

Kila mmoja ana makumbusho na kibao chake, na kila kibao kina neno la kujilinda. Wa kwanza kwa mtambo. Wa kwanza wa kibiashara. Wa kwanza Amerika Kaskazini. Wa Titusville wanasema kisima cha kwanza kilichochimbwa kwa mtambo kwa makusudi ya kutafuta mafuta na kikazaa biashara. Ukiongeza masharti ya kutosha hata mimi ni mtu wa kwanza kwenye kitu fulani.

Kwa hiyo kwa nini dunia nzima, hata vitabu vyetu vya shule, inataja 1859 na Drake? Kuna hoja ya haki na lazima niitoe: baada ya Baku ya miaka ya 1840 hakukuwa na mbio, baada ya Titusville zilikuwepo mara moja, na debe la bibi halikutoka Baku wala Bóbrka. Titusville ndiko kulikoanzisha mnyororo uliokuja kuzaa kampuni kubwa ya mafuta ya Standard Oil mwaka 1870 na makopo yake. Hilo nakubali. Lakini mnyororo peke yake haujengi kumbukumbu, kumbukumbu inajengwa na mtu mwenye hela na sababu, na hapa ndipo ningependa watu waangalie tarehe za minara badala ya tarehe ya kisima.

Mnara mkubwa wa Drake uko makaburi ya Woodlawn, Titusville. Katikati kuna sanamu ya shaba ya mwanamume amepiga goti, amenyanyua nyundo anagonga patasi mwambani, kazi ya mchongaji Charles Henry Niehaus. Aliyelipa ni Henry Rogers, mmoja wa vigogo wa Standard Oil. Mwaka gani? 1901. Mwaka uliofuata ndipo wakaleta na mifupa ya Drake kutoka Bethlehem, miaka zaidi ya 20 tangu afe. Sasa 1901 ndio mwaka ambao Januari kule Spindletop, Texas, kisima kimoja kilirusha mafuta angani kwa siku kadhaa kwa kiasi ambacho Pennsylvania haikuwahi kukiota, wakati Pennsylvania yenyewe ilishafika kileleni 1891 na inashuka. Na Standard Oil wakati huo ndiyo kampuni inayochukiwa kuliko zote nchini, binti aliyekulia eneo lilelile la visima vya Pennsylvania, mwandishi Ida Tarbell, anakaribia kuanza kuianika magazetini kipande kwa kipande, na kati ya watu aliokaa nao kuzungumza ni huyuhuyu Rogers. Sisemi Rogers alijenga mnara kwa ajili ya kusafisha jina, sikuwepo moyoni mwake. Nasema kampuni iliyowameza wachimbaji wadogo wa Pennsylvania mmoja mmoja iliishia kumjengea sanamu mchimbaji mdogo aliyekufa maskini, na sanamu haina sura ya Drake, ina mwili wa mfanyakazi yeyote. Kama haikuchekeshi sijui nikuchekeshe na nini.

Kisha eneo la kisima. Mwaka 1914 umoja wa akina mama wenye asili ya wapigania uhuru wa Marekani uliweka jiwe na bamba la shaba, kitu cha heshima na cha gharama ndogo. Kazi kubwa ikaja miaka ya 1930 ambapo chama cha makampuni ya mafuta, American Petroleum Institute, kilitoa hela za jengo la makumbusho na kuta za kuzuia mafuriko, eneo likakabidhiwa jimbo 1934, miaka 75 tangu kisima. Hiyo ni miaka ya mdororo wa uchumi, mafuta ya East Texas yamefurika mpaka 1931 pipa limewahi kushuka kwenye senti 10 tena, na serikali imeanza kuwaingilia wapange nani achimbe kiasi gani. Halafu 1959, miaka 100, posta ya Marekani inatoa stempu ya senti 4 tarehe 27 Agosti. Mwaka huohuo mwezi Machi Rais Eisenhower ameweka kikomo cha mafuta ya kuagiza kutoka nje kwa sababu mafuta ya Ghuba na Venezuela yanawaua wachimbaji wa ndani, na mwaka unaofuata kule Baghdad inazaliwa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta nje.

Mimi hapo naona mpangilio. Kila walipopiga debe la 1859 kwa nguvu ilikuwa ni wakati basi limeanza kukosa abiria. Tajiri aliye kileleni hana muda wa kujenga makumbusho, anachimba. Inaweza kuwa bahati tu ya tarehe za mwisho wa 9 na miaka 75, nakubali, kalenda nayo ina tabia zake, ila bahati mara tatu mimi huwa naanza kuhesabu.

Linganisha na Azerbaijan. Wana kisima cha zamani kuliko cha Drake na mnara upo, ila siku yao ya wafanyakazi wa mafuta ni 20 Septemba, na hiyo inakumbuka mkataba uliosainiwa 1994 na makampuni ya nje. Wanasherehekea sahihi, kisima kinafuata nyuma. Huo nao ni ukweli wa aina yake, pengine ni ukweli zaidi ya wa Titusville.

Halafu kuna wenye kisima wasio na mpiga debe. Nigeria, jimbo la Bayelsa, Oloibiri. Januari 1956 Shell wakiwa na wenzao wa BP walipata mafuta pale kwenye kina cha futi 12,008, zaidi ya kilomita 3 na nusu, mafuta ya kwanza Nigeria ya kibiashara, na mwaka 1958 meli ya kwanza ikaondoka kwenda Ulaya. Huyo ndiye mama wa mafuta yote ya Nigeria unayoyasikia. Kisima chenyewe kilishafungwa zamani, eneo lile lilipotoa kilichomo kampuni ikahama, ikabaki mitambo ya juu ya kisima ile yenye valvu inayoitwa mti wa krismasi, na kibao. Kibao kinasema kisima namba moja na kina chake. Hata jina lina kesi, maana watu wa Otuabagi, kijiji jirani, wanasema kisima kiko kwenye ardhi yao, Oloibiri wamepewa sifa isiyo yao. Watu wanagombania jina la kisima kikavu, na ninawaelewa, maana jina ndicho kitu pekee kilichobaki cha kugawana.

Mwaka 2001 Rais Obasanjo alikwenda kuweka jiwe la msingi la makumbusho na kituo cha utafiti. Sisi watu wa mawe ya misingi tunajua yanavyoendelea. Jiwe lilibaki jiwe miaka na miaka, nyasi zikaota. Titusville ya watu wachache ina makumbusho tangu 1934, Oloibiri iliyofungua mlango wa mabilioni ya dola ikabaki na kibao.

Lakini Oloibiri ina kumbukumbu nyingine ambayo haikulipiwa na kampuni. Isaac Adaka Boro alizaliwa palepale Oloibiri mwaka 1938, baba yake ni mwalimu wa shule ya misheni. Februari 1966, miaka 10 tu baada ya kisima, kijana huyu alikusanya wenzake wakatangaza Jamhuri ya Niger Delta, wakapigana siku 12 wakashindwa, akahukumiwa kifo, akasamehewa vita vya Biafra vilipoanza, akapigana upande wa serikali ya shirikisho na kuuawa Mei 1968. Waijaw, watu wa kabila lake, wanamkumbuka kila mwaka tarehe 16 Mei. Kwa hiyo sherehe ya mafuta ya Oloibiri ipo, kwenye kalenda, na watu wanajitokeza, ila anayekumbukwa ni mtu aliyeuliza mafuta haya ni ya nani.

Kwetu huku bado mapema na ndiyo maana inafaa kuangalia. Uganda watu wa Ziwa Albert walijua mafuta yanavuja tangu zamani, mjiolojia wa serikali ya kikoloni Wayland aliyaandika miaka ya 1920, kisima kimechimbwa Butiaba 1938 kikaachwa, halafu 2006 yanatangazwa kama yamezaliwa jana na kunafanyika ibada ya shukrani. Kenya wana kisima cha Ngamia-1 huko Turkana, Machi 2012, Kibaki anatangaza mwenyewe, na 2019 Uhuru anapunga bendera Mombasa meli ikiondoka na mapipa 200,000 ambayo kabla ya hapo yalishushwa kutoka Turkana kwa malori. Tanzania, Agip, kampuni ya mafuta ya Italia, walikuta gesi Songo Songo 1974 wakasema siyo mafuta, hailipi, wakaondoka, ikakaa chini miaka 30 mpaka 2004 ilipoanza kutuletea umeme Dar. Muulize mtu yeyote Kariakoo ugunduzi wa Songo Songo ulikuwa lini, atakuuliza kwani kimegunduliwa nini. Tumepitwa na tarehe 1974 nzima bila hata kipande cha keki, na mimi siamini tumekosa kitu sana, ila najua siku mtu akianza kuipigia debe kwa gharama zake nitaanza kwa kumwangalia yeye kabla ya kuangalia gesi.

Titusville penyewe, ukienda, kuna nyumba ya mbao na mnara wa kuchimbia vilivyojengwa upya mwaka 1945 kwa kufuata picha za zamani, maana vya mwanzo viliungua Oktoba 1859, wiki chache tu baada ya mafuta kupatikana, Uncle Billy aliposogea karibu na taa. Injini inawashwa, pampu inapanda na kushuka, mafuta yanatoka watalii wanapiga picha. Mafuta ni yaleyale, yanarudishwa chini yanapandishwa tena.

Debe la bibi lilipotea kwenye msiba wake, sijui nani alilichukua. Juzi nimekwenda sokoni kununua mahindi, mama anapimia kwa ndoo ya plastiki ya lita 20 iliyokuwa ya rangi ya ukuta, bado ina alama ya rangi ya bluu mdomoni, ananiuliza nikupimie madebe mangapi mwanangu? Nikasema mawili. Akajaza, akaweka kichwa, akaniangalia, halafu akapitisha mkono juu taratibu kichwa chote kikaanguka.